Siku Ngoma ya Noko Ilipomtoa Farasi Wangu Mashindanoni

Kuna siku moja, mwanangu, ambayo naikumbuka kwa masikio kuliko kwa macho. Macho yangu yamechoka, hata wewe nakuona kama mtu aliyesimama nyuma ya pazia. Lakini masikio haya bado yanafanya kazi, na nikinyamaza kidogo naisikia tena ngoma ya noko wangu ikiniita kwa jina langu refu mbele ya watu wote, siku ile nilipokuwa na akili ndogo kuliko farasi niliyempanda.

Ndiyo, farasi. Usinitazame hivyo. Ninyi vijana wa Mangobo mnajua pikipiki tu, mkimwona mzee anasema aliwahi kupanda farasi hapa Kisangani mnadhani homa imempanda kichwani. Walikuwapo. Walikuwa saba, na mimi niliwaosha wote saba kwa mikono hii.

Wakati ule nchi iliitwa Zaire, mto uliitwa Zaire, na pesa mfukoni nayo iliitwa Zaire. Chama kilikuwa kimoja. Majina ya ubatizo yalikuwa yamekatazwa, tai zilikuwa zimekatazwa, tukaitana citoyen, yaani mwananchi, hata tukiwa tunagombana. Wazungu wa kahawa walikuwa wameambiwa kampuni zao sasa ni za wenye nchi, wakaondoka, na bwana mmoja wa mjini akapewa kampuni yao. Tulimwita Citoyen Directeur. Alipewa mashine, magunia, nyumba, na chini kabisa ya orodha farasi saba, ambao aliwaogopa sana. Akija bandani alisimama mbali, mikono nyuma, akiuliza kama wamefungwa vizuri.

Mimi nilikuwa na miaka ishirini na minne. Kazi yangu ilikuwa kuwalisha, kuwaogesha, kuwafanyisha mazoezi, na kuwawashia moshi asubuhi na jioni, maana mbung'o wa msitu wetu hawana huruma na farasi. Niliyempenda zaidi alikuwa jike mmoja wa rangi ya chai ya maziwa, mguu mmoja mweupe kama amevaa soksi. Tulimwita Sukari. Alikuwa mpole, lakini kila sauti ilimgusa. Hata ndoo ikianguka jikoni, masikio yake yalisimama.

Mzee wetu pale bandani alikuwa Papa Amisi, Mwislamu wa Kasongo kule Maniema, infirmier, yaani tabibu wa wanyama, aliyekuwa ametibu ng'ombe kule Ituri kabla ya kushuka huku. Mtu mfupi, kofia nyeupe, shingoni kile kipira cha daktari cha kusikilizia moyo, na mfukoni saa ya mkono isiyo na mkanda. Hakupenda maneno mengi. Mimi nilimwona mzee wa zamani aliyepitwa na wakati, na nitakuambia ukweli, nilikuwa nikimwigiza anavyotembea ili wenzangu wacheke.

Sasa sikiliza jambo lililokuwa linanikosesha usingizi. Kulikuwa na msichana anaitwa Furaha. Ndiye huyu bibi yako anayekohoa huko ndani ili nisizidishe chumvi. Baba yake, Papa Kitenge, alikuwa mtu wa Kivu, karani wa posta, shati lake limenyooka kama ubao. Nilipotuma wazee wangu kwenda kuposa, aliwapa chai, akawasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Minawaheshimu sana, wazee. Lakini mutoto yangu hawezi kuolewa na mutu wa kuokota mavi ya farasi." Wazee wangu wakarudi na maneno hayo, na noko wangu alikasirika wiki nzima.

Noko, mwanangu, ni mjomba, kaka wa mama. Sisi ni Walokele, watu wa mto, na kwetu noko si mtu wa kuchezea.

Basi ikafika sikukuu ya Chama, na Citoyen Directeur akataka kuonekana. Akasema farasi wake watashindana safari ndefu: kutoka Lubunga, ng'ambo ya mto, kufuata barabara ya kwenda upande wa Yanonge, kilometa thelathini kwenda na thelathini kurudi. Atakayeshinda atafanywa chef wa banda, yaani msimamizi wa wenzake, na barua yenye mhuri, na nyumba ndani ya uzio wa kampuni, na atapelekwa Kinshasa na farasi wake kutembea kwenye gwaride. Mimi nilisikia neno moja tu, chef. Nikakimbia hadi kwa Papa Kitenge. Akavua miwani, akanitazama sana, akasema, "Bon. Ukishinda, uje na wazee wako tena. Tutaongea."

Unaona sasa? Wenzangu walikuwa wanashindania Kinshasa. Mimi nilikuwa nashindania mke.

Papa Amisi alituita waendeshaji wote saba alasiri moja, akatukalisha juu ya magunia, akatuambia jinsi itakavyokuwa. Katikati ya safari kutakuwa na kituo, na yeye atakuwa pale. Kila farasi akifika, atampima. Atamfinya ngozi ya shingo aone kama inarudi upesi au inabaki imesimama, maana ngozi iliyobaki imesimama ni farasi aliyekaukiwa maji. Ataweka sikio ubavuni asikie tumbo, kwa sababu tumbo la farasi lisipolia kuna hatari. Atamtoa tandiko apapase mgongo. Atatuambia tumkimbize kidogo kwa kamba, aone kama anachechemea. Na mwisho atahesabu moyo. Farasi ana nusu saa ya kupumzika, na katika nusu saa hiyo moyo wake lazima ushuke, usipite mapigo sitini na nne kwa dakika. Usiposhuka, anaondolewa.

Shabani, kijana mmoja mrefu aliyependa kujisifu kuliko mimi, akauliza, "Na kama farasi mwenyewe anataka kuendelea?"

"Farasi anataka kila kitu unachotaka weye," Papa Amisi akajibu. "Ndiyo maana niko pale."

Akaongeza kwamba hata aliyefika mwisho atapimwa, na akikutwa mbaya, kufika kwake hakuhesabiwi. Shabani akanikonyeza. Mimi nikacheka, mjinga mimi.

Kile kituo cha katikati, mwanangu, kilikuwa kijiji cha mama yangu. Kijiji cha noko. Niliposikia hivyo nilifurahi mpaka nikashindwa kula. Noko wangu alikuwa mpigaji wa lokole, ile ngoma yetu ya gogo lililochimbwa, isiyo na ngozi, inayosema maneno kabisa na kusikika mbali juu ya maji. Kwetu kila mtu ana jina lake la ngoma, refu, lenye baba zake na upande wa mama yake ndani. Langu lilikuwa: mtoto wa mto usiolala, mjukuu wa mwenye kasia refu, asiyerudi mikono mitupu. Tangu nizaliwe nilikuwa nimelisikia mara chache sana, kwenye matanga na kwenye ndoa za wakubwa. Nilitamani kulisikia siku hiyo, nikiwa juu ya farasi, kijiji kizima kikinitazama.

Nikapanda mtumbwi hadi kwa noko, na sigara, na sabuni kwa mke wake. Nikamwomba anipigie jina pale kituoni, tangu nitakapoonekana mpaka nitakapoondoka. Noko akacheka mpaka akakohoa. "Yule karani wa posta atasikia mpaka Lubunga," akasema. Maana ngoma yetu haikai kijiji kimoja. Kijiji cha pili kikisikia kinapokea, cha tatu kinapokea, mpaka mjini.

Hilo ndilo kosa langu, na nililitafuta kwa miguu yangu mwenyewe.

Siku yenyewe tuliondoka Lubunga alfajiri, ukungu bado juu ya mto. Farasi walikuwa wamevushwa jana yake kwa bac, kile kivuko cha magari, na Sukari alikuwa amepumzika vizuri. Alikwenda raha, mwanangu, raha sana. Mapema kabisa mmoja wa wenzetu alishuka mwenyewe, farasi wake amekanyaga jiwe na kuanza kuinamisha kichwa kila hatua. Mwingine alikuwa amekunja gunia chini ya tandiko vibaya, na njiani mgongo wa farasi ukachubuka, naye akashuka. Mimi niliwasikitikia kidogo tu. Niliwaza kwamba wawili wamepungua.

Nilipokaribia kijiji nilikuwa wa pili, nyuma ya Shabani. Na hapo lokole ikaanza.

Aa, mwanangu! Sijui nikuambie vipi. Jina langu lilitoka kwenye ile miti likapita juu ya migomba likaingia kifuani mwangu. Wanawake wakapiga vigelegele. Shangazi zangu wakanitupia majani. Nikakaa wima juu ya tandiko kama gavana. Sikumtazama Sukari hata mara moja, na lau ningemtazama ningeona masikio yake yamesimama yote mawili na macho yameonyesha weupe.

Papa Amisi alikuwa chini ya kibanda cha majani, hatua kama thelathini kutoka kwenye ngoma. Ngozi ilikuwa sawa. Tumbo lilikuwa linalia vizuri. Mgongo safi. Alikimbia kwa kamba bila kuchechemea. Kisha akaweka kile kipira ubavuni, akatoa saa yake, akahesabu.

"Sabini na nane," akasema. "Si kitu, amefika sasa hivi. Mpe maji. Na umwambie noko yako apumuzishe ile ngoma kwanza."

Nikamtazama noko. Alikuwa amefumba macho, jasho linamtoka, anapiga jina langu kwa moyo wote. Nimnyamazishe mimi? Mbele ya kijiji chake? Na kusema kweli, si heshima ya noko tu iliyonizuia. Nilikuwa bado sijashiba sifa. Nikamjibu mzee kwa sauti, ili watu wasikie, "Papa, farasi haijue Kilokele!"

Watu wakaangua kicheko. Mimi nikacheka nao. Papa Amisi hakucheka wala hakukasirika. Akageuka kumpima farasi wa Shabani, ambaye alikuwa wa aina ile isiyojali kelele, moyo wake ulikuwa umeshashuka, na Shabani akaondoka zake akinipungia mkono.

Alipohesabu mara ya pili, Sukari alikuwa sabini na sita. Akaniambia tena, sauti ile ile, "Mutoto, ngoma." Nikasema ndiyo papa, ndiyo, na sikuenda. Nilimwagia Sukari maji shingoni, nikampepea kwa jani la mgomba, nikajifanya nafanya kazi. Ngoma ikaendelea. Mwendeshaji mwenzetu mmoja mtu mzima akafika, tonton Mateso, mnene, aliyekuwa akishuka kila kijito kumnywesha farasi wake, tukimcheka tangu asubuhi. Farasi wake akapimwa, akapita mara moja. Mateso akala ndizi yake, akaondoka taratibu.

Mara ya tatu Papa Amisi alihesabu dakika nzima, kisha dakika nyingine. Akairudisha saa mfukoni.

"Sabini na mbili. Nusu saa imekwisha. Sukari anaondolewa."

Nilisema maneno, mwanangu, ambayo sitayarudia yote. Nilimwambia ni mzee wa Maniema anayetuonea wivu sisi watu wa mto. Nilimwambia saa yake ni mbovu. Nilimwambia anajua kabisa nini kiko njiani kwangu, anajua habari za Furaha, na ameamua kuniharibia. Watu waliacha kucheka. Shangazi yangu akashika mdomo. Hakuna mtu kwetu aliyemsemesha mzee hivyo mchana kweupe.

Papa Amisi akangoja nimalize. Kisha akavua kile kipira shingoni mwake, akanisogelea, na kwa mikono yake mwenyewe akanitia vile vidude masikioni. Akachukua upande wa pili akauweka ubavuni mwa Sukari, nyuma ya kiwiko.

Nikasikia moyo wake.

Mwanangu, nilikuwa nimemwosha yule farasi miaka, na sikuwahi kumsikia. Moyo ulikuwa unakwenda pu-pu, pu-pu, na lokole ikiinuka nao unainuka, ikiongeza kasi nao unakimbia. Papa Amisi akainua mkono juu kuelekea kwa noko. Noko akafumbua macho, akaona, akaacha. Kijiji kikanyamaza, ukasikia kuku. Na ule moyo, masikioni mwangu, ukaanza kulegea. Ukalegea tena. Pu-pu. Kimya. Pu-pu. Sukari akashusha kichwa, akapumua pumzi ndefu juu ya mkono wangu, akaanza kulamba chumvi ya jasho langu.

Machozi yalinitoka, sioni haya kusema. Papa Amisi alichukua kipira chake, akahesabu.

"Hamsini na nane," akasema.

"Papa! Imeshuka! Niache niende, Shabani hajafika mbali!"

"Nusu saa imekwisha."

"Papa, nakuomba. Unajua kwa nini."

"Najua," akasema, na niliona kwamba inamuuma. "Ulikuwa na nusu saa muzima ya kunyamazisha ngoma. Na uliniambia neno ya kweli, farasi haijue Kilokele. Donc haijue kama ile ni jina yako. Yeye anasikia kelele tu, na kelele iko namwambia hatari haijaisha, asipumuzike. Weye ulikuwa unakula sifa, na ni yeye alikuwa nalipa."

Akaenda kumngoja farasi mwingine.

Nilikaa chini kwenye vumbi. Nilimwona Furaha ananiponyoka kabisa. Nilimwona Papa Kitenge akivaa miwani yake na kusema, voilà, mtu wa mavi. Noko akaja akakaa kando yangu, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyevunja kitu cha mtoto wa dada yake. Akasema, "Ni mimi nimekuharibia." Nikamwambia hapana, noko, wewe ulipiga nilichokuomba. Kisha akaniuliza kitu ambacho mpaka leo namshukuru, "Sasa nipige nini? Mjini watu wanangoja."

Sijui yale maneno yalitoka wapi. Nikasema, "Piga ukweli. Sema farasi ni mzima. Sema mtu anakuja kwa miguu. Sema wasipike chakula cha ushindi."

Noko alinitazama sana. Alisema katika maisha yake yote hajawahi kupiga ngoma ya mtu aliyeshindwa, tena mpaka masikioni mwa wakwe. Akanyanyuka, akapiga. Mara ile nilikuwa nimeshampeleka Sukari mbali, nyuma ya nyumba, akila majani.

Sheria ilimruhusu farasi aliyeondolewa kupandwa polepole hadi nyumbani. Hakuna aliyeniambia nitembee. Lakini nilipoweka mguu kwenye kikanyagio, nikausikia ule moyo tena, nikautoa mguu. Nikashika kamba, nikaanza kutembea. Kilometa thelathini, mwanangu, kwa viatu vya kuazima.

Ngoma ilikuwa imetangulia mbele yangu, kwa hiyo kila kijiji kilikuwa kinajua. Nilidhani watanizomea. Wengine walizomea, kweli, kwani wanawake wa mto wana mdomo: "Tazameni, farasi anapumzika, mume anafanya kazi!" Lakini walimletea Sukari maji kwenye masufuria yao ya kupikia. Bibi mmoja akanipa lituma, ndizi zilizopondwa, na kipande cha samaki kwenye jani, akasema hajawahi kuona farasi maishani mwake, akaomba amguse pua. Akamgusa, akapiga kelele ya furaha, akamwita jirani. Tulipita hivyo kijiji kwa kijiji. Mahali fulani njiani niligundua kwamba sina hasira tena. Sukari alikuwa ananipumulia shingoni, na sote wawili tulikuwa tunakwenda nyumbani wazima.

Sasa mengine aliniambia Furaha, maana alikuwapo. Kule Lubunga, kwenye gati la bac, baba yake alikuwa amesimama tangu asubuhi na koti lake la abacost, lile la Chama lisilovaliwa na tai, amemleta binti yake aone nani atashinda. Ngoma ilipofika, mama wa kuuza samaki walinyamaza wakasikiliza, kisha wakaanza kucheka na kutikisa vichwa. Papa Kitenge hakujua Kilokele. Akamuuliza mmoja, "Iko nasema nini, ile ngoma?"

"Inasema farasi iko muzima. Inasema mutu iko nakuya kwa miguu. Inasema musipike."

"Ngoma ya nani?"

"Ya noko ya yule kijana wako."

Papa Kitenge akasema, "Ah bon," na Furaha akageuka ili baba yake asione macho yake.

Baadaye Shabani akafika wa kwanza. Watu wakarusha kofia. Alikuwa amemchapa yule farasi kilometa zote za mwisho, akijua Papa Amisi yuko nyuma na hakuna anayemwona. Akashuka, akainua mikono, na nyuma yake farasi akapiga magoti, akalala kwenye mchanga mbele ya Citoyen Directeur. Papa Amisi alipofika kwa gari, hakuhitaji hata saa. Alikaa pale kwenye mchanga akimpa maji ya chumvi kidogo kidogo mpaka kesho yake farasi aliposimama. Alipona, lakini hakukimbia tena. Ushindi ukaenda kwa tonton Mateso, mnene wetu, aliyefika baadaye sana akiuliza kama bado kuna watu.

Mimi nilifika jua likiwa limeshuka hadi usawa wa miti. Watu wengi walikuwa wameshavuka kurudi mjini. Papa Kitenge alikuwa bado yuko pale. Alikuwa ameketi juu ya kreti ya bia, miwani mkononi, Furaha nyuma yake. Nikasimama mbele yao, viatu vimefunguka midomo, nguo zote vumbi. Nikasema, "Papa, sikushinda."

"Ngoma ilisema," akajibu.

Akasimama. Akamzunguka Sukari polepole, yeye asiyejua farasi, akatazama miguu yake yote minne, akatazama macho yake. Sukari akamnusa mfuko wa koti. Kisha akaniuliza jina langu la ngoma lina maana gani, kwa sababu asubuhi alikuwa amelisikia kwanza, kabla ya ngoma ile ya pili, na mama wa samaki walimwambia ni jina la mtu. Nikamwambia, nikiona haya: mtoto wa mto usiolala, mjukuu wa mwenye kasia refu, asiyerudi mikono mitupu.

Akavaa miwani yake.

"Bon," akasema. "Minaona kamba mu mukono yako, na farasi muzima mu kamba. Leo nimeona mwingine amefika mbele ya watu wote, na farasi yake ikaanguka. Furaha ataenda na mume wake safari murefu kuliko hii, mutoto. Mimi nilikuwa natafuta mutu mwenye anaweza kushuka." Kisha, kama aliyekumbuka yeye ni karani, akakohoa na kusema, "Wazee wako waje Jumamosi, kiisha kazi ya salongo. Waje wameoga."

Hivyo ndivyo nilivyompata huyu anayekohoa huko ndani. Wala sikuwa chef, na barua yenye mhuri sikuiona. Niliendelea kuokota mavi ya farasi miaka mingine mingi, na baba mkwe wangu alikuja bandani kila Jumapili na kipande cha muwa mfukoni kwa ajili ya Sukari. Papa Amisi nilimwomba msamaha kesho yake asubuhi. Akanipa kipira, akasema, "Anza na huyu, halafu wale wengine," na tangu siku hiyo akanifundisha kazi yake yote.

Mwanangu, nimekuchelewesha, chai yako imepoa. Nakuambia haya kwa sababu nasikia siku hizi wanakusifu sana huko unakofanya kazi, na nasikia pia kuna mtu mzima mmoja anakuambia punguza mwendo, na wewe unamjibu maneno ya kuchekesha watu. Mimi pia nilichekesha watu. Mtu mwenye kujua akikuambia simamisha ngoma, isimamishe palepale, wala usingoje mara ya tatu, kwa maana nusu saa inapita ukiwa unacheka. Ukisifiwa, angalia kwanza nani amekubeba: mke wako, mwili wako, mtu anayefanya kazi chini yako. Msikilize moyo wake kwa sikio lako mwenyewe. Na siku utakapoondolewa kwenye jambo, kwani utaondolewa, sote tunaondolewa, usimtukane aliyekuondoa. Tangaza ukweli kabla hujafika, shuka, shika kamba, utembee. Si aibu. Mimi nilitembea hivyo nikamkuta bibi yako ananingoja.

Nenda sasa, kabla mvua haijafika. Mungu akuwekee mbele yako mtu asiyeogopa kukusimamisha, akupe masikio ya kumsikia mara ya kwanza, na kila alichokukabidhi ukirudishe nyumbani kikiwa kizima. Na upite ndani umuage bibi, amekohoa vya kutosha.